Nyumba ya Nyoka, Nyumba ya Bahari: Historia ya Kasha la Kioo Inayopita Bujumbura

Neno la Kilatini vivarium maana yake ni mahali pa kutunzia viumbe hai. Sisi wa Bujumbura tunalifahamu kwa njia ya Kifaransa, ambako vivarium ni nyumba ya nyoka na mijusi. Hata Musée Vivant, makumbusho yetu yaliyoanzishwa mwaka 1977 na kuwaweka mamba, nyoka na samaki wa ziwa ndani ya ua mmoja, imebeba mzizi wa neno hilohilo. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya kuonyesha samaki, nayo iliitwa vivarium, yaani vivarium ya majini. Jina la akwariamu lilienea kuanzia mwaka uliofuata, katika kitabu cha Philip Henry Gosse. Kasha la nyoka na tangi la samaki ni ndugu wa tumbo moja.

Swali la insha hii linatokana na undugu huo. Mtu mwenye kasha la kioo alilofugia kinyonga au chatu, akitaka kuligeuza liwe tangi la maji ya chumvi, anaona kazi ndogo: ondoa mchanga, mimina maji, tia samaki. Historia inaonyesha kwamba njia hiyo ilipitiwa na watu wengi, na wengi wao walizika samaki. Nitajaribu kueleza kwa nini, na kwa nini ziwa letu linahusika katika habari hii kuliko tunavyodhani. Dai langu ni kwamba kosa lilijirudia kwa sura moja: watu walitazama kasha, au walitazama mnyama, wakasahau kuyachunguza maji.

Tuanze na kasha kavu. Mwaka 1829 Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa upande wa mashariki wa London, alitia buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo mnyevu, akaifunika. Alitaka kumwona nondo akitoka. Badala yake udongo ukaotesha kangaga na jani la nyasi, mimea ambayo hapo nje ilikuwa ikifa kwa moshi wa makaa ya mawe. Ward akagundua kwamba ndani ya kioo kilichofungwa maji hupanda kama mvuke, hugonga kioo, hurudi udongoni, na mzunguko unaendelea. Mwaka 1833 makasha yake yalisafiri na mimea hai hadi Sydney, na mwaka 1842 akachapisha kitabu juu yake. Karibu na mwaka 1850 miche ya chai kutoka China ilipelekwa India ndani ya makasha ya namna hiyo. Mtu anayekunywa chai leo, hata akiwa Buyenzi, amefaidika kwa mbali na chupa ile ya nondo.

Kuna jambo moja katika kasha la Ward ambalo wasomaji wa historia ya sayansi hulipita upesi, nami naliona ndilo kiini. Kasha kavu husamehe. Jani likioza, udongo hulimeza. Mnyama akinya, mchanga hunyonya, mwenye nyumba hukusanya kesho yake. Hewa ni nyingi, na sumu hutawanyika. Ndani ya maji hakuna pa kutupia: samaki hupumua, hula na hunya katika kikombe kimoja.

Waliolijua hilo kwanza walilijua kwa taabu. Mwaka 1846 mwanamke Mwingereza aliyeitwa Anna Thynne aliwachukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akaenda nao London. Maji ya bahari aliyokuwa nayo yalikuwa machache, na matumbawe yalihitaji hewa. Dawa ilikuwa mjakazi wa nyumbani, ambaye alisimama mbele ya dirisha lililo wazi akiyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, huku na huku, ili yaingie hewa. Pampu ya kwanza ya akwariamu ya bahari, kwa maneno mengine, ilikuwa mikono ya mtumishi. Simulizi linamtaja Bi Thynne. Mjakazi hubaki mjakazi tu.

Miaka minne baadaye mkemia Robert Warington alieleza jaribio lake mbele ya wanakemia wenzake wa London. Aliweka samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa majini, akitegemea mmea umpe samaki hewa na samaki aulishe mmea. Majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa kula majani yaliyooza, na hapo chombo kikatulia. Ni jaribio dogo, lakini ni mara ya kwanza tunamwona mtu akiyauliza maji yenyewe yana nini, badala ya kubadilisha samaki kila anapokufa.

Ikabaki chumvi. Kubeba maji ya bahari hadi mji wa bara kulikuwa ghali, kwa hiyo mwaka 1854 Gosse alitoa namna ya kuyatengeneza: chumvi ya kawaida, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi, vikapimwa na kuyeyushwa katika maji safi. Tukumbuke aina hizo nne, maana tutazihitaji tukifika nyumbani. Ina maana kwamba bahari si maji pamoja na chumvi ya jikoni. Ni mchanganyiko wa madini kadhaa kwa vipimo vyake, na kiumbe wa bahari huvihitaji vyote.

Baada ya hapo Waingereza wa tabaka la kati wakavamia pwani zao kwa ndoo na mitungi. Matangi yakajaa sebuleni, na ndani ya miaka kumi hivi mengi yakawa yamemwagwa. Hawakujua kwamba kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwamba bakteria wa namna moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na kwamba bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali huo. Kazi ya bakteria hao ilikuja kuthibitishwa na Sergei Winogradsky kwenye mwaka 1890, na hao hawaji siku moja. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita, au zaidi, ndipo bakteria watoshe. Samaki wengi waliokufa katika sebule za akina Gosse walikufa kwa sababu mwenyeji wao hakusubiri.

Kasha lenyewe nalo lilikuwa na sumu zake. Matangi ya zamani yalijengwa kwa fremu za chuma na vioo vilivyobandikwa kwa rojo yenye risasi. Maji matamu yanaweza kuvumilia chuma kwa muda. Maji ya chumvi huila fremu na kuibeba ndani. Tangi la vioo vitupu, vilivyoshikana kwa silikoni bila fremu ya chuma, ni jambo la juzi tu, la miaka ya 1960 na 1970. Kabla ya hapo kufuga samaki wa bahari nyumbani kulibaki mchezo wa wachache.

Linganisha na upande wa nyoka. Nyumba ya wanyama watambaao ya London ilifunguliwa mwaka 1849, miaka minne kabla ya ile ya samaki, na mwaka 1852 mlinzi wake mmoja aliumwa na swila akafa. Hatari ya kasha la nyoka ilimtazama mtu usoni. Hatari ya tangi la samaki ilikuwa haionekani wala hainusi, na haikumgusa mwenye tangi. Nadhani hiyo ndiyo sababu ilichukua muda mrefu kusomwa.

Sasa tuvuke kuja Tanganyika, ambako swali hilohilo la chumvi na kiumbe liliulizwa kwa ukubwa wa ziwa zima.

Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, Speke aliokota makombe. Yalipochunguzwa Uingereza mwaka uliofuata, yalifanana mno na ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani yavuyavu, yule kiumbe laini anayeelea kama mwavuli, ambaye watu wa pwani humjua vizuri baharini. Ndipo J. E. S. Moore akaja mara mbili, mwaka 1895 na tena mwaka 1899, akahitimisha kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa barani. Kitabu chake cha mwaka 1903 kililiita jambo hilo tatizo la Tanganyika. Samaki wetu mmoja mzuri wa mawe, Tropheus moorii, ana jina lake tangu 1898.

Moore alikosea. Msafara wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 na 1905 uliipunguzia nguvu hoja yake, na leo inajulikana kwamba ziwa lilizaliwa katika bonde la ufa, kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, na kwamba makombe yale yalipata sura ya bahari humuhumu. Kosa lake ni ndugu wa kosa la sebule za London: aliwatazama viumbe akakisia maji. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika lita moja. Ya Tanganyika yana kama nusu gramu.

Hata hivyo nusu gramu hiyo ina maneno yake. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kama mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Mto Rusizi, unaoshuka kutoka Kivu kwenye nchi ya volkano, huleta madini kila siku. Mlango wa kutokea ni mmoja, Lukuga, na hata huo si wa kutegemewa: Stanley alipouona mwaka 1876 ulikuwa umeziba, na Hore alipoufikia mwaka 1879 maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu. Matokeo yake ni maji yenye asili ya magadi, yenye magnesi nyingi kuliko kalsi, ambayo kipimo chake cha pH huwa karibu na 9. Kila mfugaji wa samaki wa bahari anaijua hesabu hii bila kujua Lukuga iko wapi: maji yakipungua tangini kwa mvuke, chumvi imebaki, kwa hiyo unaongeza maji matamu, siyo ya chumvi. Anayeongeza maji ya chumvi kila wiki anatengeneza Lukuga iliyoziba.

Tabia hii ya maji yetu ndiyo iliyoitia Bujumbura katika historia ya akwariamu. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Kongo, alihamia hapa mwaka 1971 akaanzisha biashara ya kupeleka samaki wa ziwani Ulaya na Marekani. Walikuwa hasa siklidi, jamaa ya perege tunaowala, ambao Tanganyika ina aina zipatazo 250. Walivuliwa kwa wavu kwenye mawe, wakafungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakapanda ndege. Mmoja wao, ambaye Max Poll alimpa jina la Brichard mwaka 1974, aliuzwa Ulaya kama binti mfalme wa Burundi. Huku kwetu, ambako mukeke na ndagala ndiyo samaki wenye heshima, nadhani wavuvi wachache wangegeuza shingo kumtazama.

Binti mfalme huyo hakuvumilia maji yoyote tu. Wafugaji wengi wa Ulaya walikuwa wamezoea samaki wa Amazon, ambao hupenda maji laini yenye uchachu kidogo. Waliomtia samaki wa Tanganyika humo walimpoteza. Ikabidi wajifunze kutia madini katika maji, kuweka mawe ya chokaa na mchanga wa matumbawe, kupima pH, na kubadilisha maji kwa ratiba. Hayo yote ni nusu ya masomo ya tangi la bahari. Mpaka leo wafugaji husema kwamba Tanganyika ni daraja la kwenda kwenye maji ya chumvi, na kwa sura ya kemia wana haki. Moore alishindwa kuthibitisha kwamba ziwa ni bahari, lakini matangi ya Ulaya yakalifanya chuo cha kujifunzia bahari.

Brichard aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya samaki hawa, mwaka 1978 na mwaka 1989, akafariki mwaka 1990. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita kwetu, na kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara. Samaki hai hawezi kungoja gati lifunguliwe. Jambo linalonikera katika historia hii si Brichard, ambaye kazi yake inaonekana na inastahili kusomwa. Ni kwamba majina ya samaki yamewahifadhi Moore, Brichard, na Marlier wa kituo cha utafiti cha Uvira, na wapiga mbizi waliolijua kila jiwe la kusini mwa mji hawamo katika jina lolote. Wanafunzi wa historia simulizi wana kazi hapo, kabla wazee hao hawajaondoka.

Turudi sasa kwenye kasha la kinyonga, maana tunavyo vya kulipimia. Chukua kasha la sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Likijaa, maji peke yake ni lita 300, yaani kilo 300, kabla ya mawe na kioo. Kioo cha mbele kitasukumwa kwa nguvu iliyo karibu na uzito wa kilo 150, usiku na mchana. Makasha mengi ya wanyama watambaao hujengwa kwa kioo chembamba, cha milimita 4 au 6, kwa sababu kazi yake ni kumzuia mjusi. Tangi la kimo hicho kwa kawaida huhitaji milimita 10 hivi. Kasha lenye milango ya kuteleza mbele au matundu ya hewa ubavuni halina mjadala, liachwe lifuge mijusi. Lile lililo zima na lenye kioo kinene lijazwe maji matupu, nje ya nyumba, mahali tambarare, na likae siku kadhaa. Likivuja, livuje uani.

Kisha ni sumu. Wafugaji wa nyoka hupambana na utitiri kwa dawa za kupulizia, na dawa hizo nyingi huua samaki na kamba kwa kipimo kidogo sana. Hunywewa na mbao, na mapambo yenye vinyweleo, hata na silikoni. Kasha lililopuliziwa dawa mara nyingi, mimi nisingelitumia hata kwa kuoshwa. Lisilopuliziwa lioshwe kwa dawa ya klorini, kwa sababu watambaao hubeba salmonela, lisuuzwe sana, likaushwe juani. Mbao, moshi wa mimea na sakafu zote za zamani zitupwe. Chochote cha shaba nacho kitoke: kiasi ambacho nyoka hakijui kinaua matumbawe, kamba na konokono. Taa za kuota joto ziondolewe zisije zikaanguka majini, na nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, na hapa hatari inarudi kwa mtu kama enzi za swila.

Sasa chumvi. Lita 300 kwa gramu 35 ni kilo 10 na nusu. Mtu anaweza kufikiri kwamba ukingo wa Tanganyika haujawahi kukosa chumvi: ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka chemchemi upande wa mashariki wa ziwa, ilizunguka katika masoko yetu karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Ni chumvi nzuri ya mboga. Gosse alishatuambia kwamba bahari inahitaji vitu vinne, na wataalamu waliokuja baada yake waliongeza orodha. Chumvi maalumu ya akwariamu lazima iagizwe kutoka nje, samaki wa bahari watoke pwani iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na yakichafuka ghafla hakuna bahari ya kukimbilia na ndoo. Bi Thynne angalau alikuwa na dirisha na pwani ya nchi yake.

Kwa sababu hiyo, katika mji huu mimi ningelijaza kasha hilo maji ya ziwa. Yachotwe mbali na midomo ya mito na mitaro ya mji, yachujwe, mawe yapangwe, pampu iwashwe, halafu tangi likae bila samaki, likitiwa chakula kidogo ili bakteria waanze kazi, hadi kipimo cha amonia na cha nitriti visome sifuri. Anayetaka bahari yenyewe afuate njia hiyohiyo kwa maji aliyoyatengeneza, na asubiri muda huohuo. Maji yaliyotiwa chumvi yasimwagwe ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko, na samaki au konokono wa mbali wasiachiliwe humo hata wakiwa wazima. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, na kila kinachoingia hukaa.